Leseni ya tiba ya jadi ya Kichina: mwongozo kamili kwa mtahiniwa anayeanzia Dodoma

Mama mmoja wa Kizota alinijia na bahasha ya binti yake. Ndani mlikuwa na barua ya udahili kutoka chuo kimoja cha China: shahada ya tiba ya jadi ya Kichina, miaka mitano, masomo kwa Kiingereza. Ada ya mwaka wa kwanza ilikuwa bado inatafutwa, na kiwanja cha Nala kilishaanza kutajwa kwenye vikao vya familia. "Mwalimu," akaniuliza, "mwanangu akimaliza atatibu wapi, na kwa karatasi ipi?"

Wazazi wengi huniuliza bei ya hosteli. Huyu aliuliza jambo lenyewe. Tulikaa saa mbili, na haya ninayoandika ni yale niliyomweleza, pamoja na mengine niliyoyajua kwa kuufanya mtihani huo mwenyewe na kuwasindikiza vijana walionifuata.

Tenganisha vitu vitatu

Shahada, mtihani na usajili havifanani. Shahada inasema umesoma. Mtihani wa leseni unapima kama unaweza kumshika mgonjwa bila kumdhuru. Usajili ndio unaokuruhusu kupokea wagonjwa mahali fulani. Hata China kwenyewe anayefaulu mtihani hupewa cheti cha sifa ya udaktari tu, kisha inambidi asajiliwe kwenye kituo anachofanyia kazi ndipo apewe kibali cha kutibu. Kijana anayerudi nyumbani na shahada mkononi akidhani safari imekwisha, anakuwa ana kimoja kati ya vitatu.

Hatua ya kwanza: amua utatibu wapi

Amua kabla hujalipa hata senti.

Ukitaka kutibu China, utafanya mtihani wa taifa wa sifa ya udaktari, tawi la tiba ya Kichina. Unaongozwa na Sheria ya Madaktari iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1998. Mwenye shahada anatakiwa awe amefanya mazoezi ya kutibu chini ya daktari mwenye leseni kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Ipo pia njia ya mwanafunzi na mwalimu wake, iliyopanuliwa na Sheria ya Tiba ya Kichina ya tarehe 1 Julai 2017: anayejifunza kwa mganga bingwa miaka mitano mfululizo anaweza kupendekezwa na madaktari wawili wa tiba hiyo, kisha akapimwa na mkoa. Njia hiyo iliwekwa kwa ajili ya waganga wa kwao. Wewe unayeanzia Dodoma ipange safari yako kupitia shahada.

Ukitaka kutibu Tanzania, mlango wako ni Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 2002. Tiba ya Kichina, zikiwemo sindano, inahesabiwa upande wa tiba mbadala. Baraza hilo lina kazi tatu ambazo watu huzichanganya: linasajili mtaalamu, linasajili kituo, na linasajili dawa. Kusajiliwa wewe hakusajili chumba chako cha Area D wala chupa zilizo kwenye kabati lako. Na usidhani shahada hii itakufungulia mlango wa Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo ni la madaktari wa tiba ya kisasa. Kama hilo ndilo lengo lako, waandikie barua kabla ya kusafiri, upate jibu kwa maandishi, ulitunze.

Nchi nyingine nitazipitia haraka. Afrika Kusini ina baraza la kisheria linalosajili wataalamu wa tiba ya Kichina na sindano, chini ya sheria ya mwaka 1982 ya fani shirikishi za afya. Singapore ina sheria yake ya mwaka 2000 na mtihani wake wa usajili. Hong Kong ina mtihani wa sehemu mbili, wa kuandika kisha wa kliniki, na huwezi kuingia wa pili kabla hujafaulu wa kwanza. Australia inasajili kitaifa tangu tarehe 1 Julai 2012. Marekani majimbo mengi hutegemea mitihani ya bodi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1982, lakini California ina mtihani wake.

Kuna na karatasi moja inayowachanganya wengi. Shirikisho la Dunia la Vyama vya Tiba ya Kichina, lenye makao yake Beijing tangu 2003, huwapima wataalamu wa nje ya China na kuwapa cheti cha kiwango. Ni ushahidi mzuri kwenye faili lako, lakini hakikupi ruhusa ya kumchoma mtu sindano China wala hapa kwetu.

Hatua ya pili: lugha

Hapa ndipo nilipomsimamisha yule mama. Mtihani wa leseni wa China unaandikwa kwa Kichina. Binti akisoma miaka mitano kwa Kiingereza, atafika kwenye chumba cha mtihani akikijua kilichoulizwa ila hawezi kusoma swali. Nimeona vijana wenye akili sana wakikwama hapo, na inaniuma kila mara kwa sababu ni kosa lililoweza kuepukwa mwaka wa kwanza.

Anza Kichina hapa hapa. Chuo Kikuu cha Dodoma kina Taasisi ya Confucius tangu 2013. Vyuo vingi vya China vinavyofundisha kwa Kichina huomba HSK, mtihani wa kupima Kichina cha wageni, ngazi ya 4, ambayo kwa mtaala uliozoeleka ni maneno kama 1,200. Ngazi hiyo inatosha kuagiza chakula na kufuata somo la mwanzo. Haitoshi kusoma maelezo ya mgonjwa, sembuse maandiko ya kale ya tiba hiyo ambayo nayo yamo kwenye mtihani na yameandikwa kwa Kichina cha zamani.

Kwa hiyo tengeneza daftari la pili, la maneno ya kitabibu peke yake. Anza na jozi nne zinazobeba hukumu yote ya ugonjwa: yin na yang; biao na li (nje na ndani); han na re (baridi na joto); xu na shi (upungufu na ujazo). Kila neno liandike kwa herufi zake za Kichina, sauti yake, na sentensi moja ya mgonjwa. Baada ya mwaka daftari hilo litakuwa limechakaa, na hapo ndipo utajua linafanya kazi.

Hatua ya tatu: karatasi zako

Jina. Nasema tena, jina. Kama cheti cha NECTA kina majina mawili, cheti cha kuzaliwa kina matatu, na pasipoti imebadilisha mpangilio, maliza jambo hilo kabla ya kupanda ndege. Hakiki cheti cha kuzaliwa RITA, na panapotofautiana pata hati ya kiapo ya majina kwa wakili. Uhakiki wa nyaraka za kupeleka China hupitia Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa China. Sisi wa Dodoma tuna nafuu, maana wizara ziko Mtumba, mwendo wa daladala.

Tengeneza nakala tatu za kila karatasi zilizothibitishwa. Moja ibaki na mzazi.

Hatua ya nne: mwaka wa mazoezi na kujisajili

Mhitimu wa kigeni aliyesoma China huweza kuufanya mtihani akitimiza masharti, na wako Waafrika waliotangulia. Diarra Boubacar wa Mali alifika China mwaka 1984, na ndiye anayetajwa kuwa mgeni wa kwanza kupata shahada ya uzamivu katika tiba hii. Ametibu huko miaka mingi. Kinachowakwamisha wengi ni ule mwaka mmoja baada ya kuhitimu: hospitali ya kukupokea, daktari wa kukusimamia, na kibali cha kuishi nchini wakati wewe si mwanafunzi tena. Anza kuutafuta mwaka wa nne. Mheshimu daktari anayekufundisha wodini na uwahi kuliko wenzako, kwa kuwa yeye ndiye atakayekutia sahihi.

Usajili wa mtihani kwa kawaida hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka mtandaoni, kisha unapeleka karatasi zako zikaguliwe ana kwa ana. Mtihani wa vitendo huwa karibu na mwezi wa sita, na wa kuandika karibu na mwezi wa nane. Tarehe kamili hutangazwa kila mwaka, kwa hiyo zitazame kwenye tangazo la mamlaka ya mitihani na usitegemee ujumbe wa kusambaziwa kwenye kundi la WhatsApp.

Hatua ya tano: mtihani wa vitendo

Huu una alama 100 na kufaulu ni 60. Usipofaulu huingii kwenye wa kuandika. Una vituo vitatu: unachambua kesi za wagonjwa, unaonyesha kazi ya mikono (ya Kichina na ya tiba ya kisasa pia, kama kumpima mgonjwa mwilini), na unajibu kwa mdomo mbele ya mtahini.

Nianze na mikono, maana hapo ndipo nilipoaibika mimi. Kwenye mtihani wa majaribio niliambiwa nionyeshe Zusanli, nukta ya kuchoma sindano mguuni. Kila mwanafunzi anaijua: cun tatu chini ya kibonyeo cha nje ya goti, upana wa kidole kimoja pembeni ya ukingo wa mfupa wa muundi. Cun ni kipimo cha mwili; cun tatu ni upana wa vidole vinne vilivyobanwa. Nikaweka vidole vyangu vinne kwenye mguu wa jamaa mrefu aliyelala kitandani, nikagusa, nikasema kwa sauti, "Zusanli." Mtahini akanitazama. Akachukua mkono wa yule jamaa, akauweka juu ya mguu wake mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vinene, na ncha ilishuka chini ya pale nilipogusa mimi. Cun hupimwa kwa mwili wa mgonjwa. Nilikuwa nimelisoma hilo mara kumi kitabuni na mkono wangu haukuwa unalijua.

Tangu siku hiyo nawaambia vijana: nunua kalamu ya wino unaofutika, uwaombe ndugu zako wakae kwenye mkeka. Mguu wa bibi, mguu wa mtoto wa darasa la tatu, mguu wa kaka anayebeba mizigo sokoni. Pima kila mmoja kwa vidole vyake mwenyewe, weka alama, kisha bonyeza polepole. Nukta ikiwa sahihi mtu husikia uzito au kaganzi kidogo. Orodha ya kawaida ina nukta 361 kwenye mikondo, yaani njia za nguvu mwilini. Usianze na zote. Chukua kama 60 zinazotumika kila siku hospitalini uzijue gizani, ndipo uongeze.

Kila nukta ijifunze pamoja na hatari yake. Sanyinjiao, cun tatu juu ya fundo la ndani la mguu, na Hegu, kati ya dole gumba na kidole cha shahada, hazichomwi kwa mama mjamzito. Kifuani na mgongoni juu sindano iende kwa ulalo na isizame, maana mapafu yako karibu. Mtahini hufurahi kumsikia mtahiniwa akiuliza kabla ya kuchoma: Dada, una ujauzito? Umekula leo? Unatumia dawa ya kulainisha damu? Nawa mikono, safisha ngozi, fungua sindano mpya ya kutumika mara moja, ukimaliza itupe kwenye sanduku la vitu vyenye ncha kali. Sema kila unalofanya.

Swali la mgonjwa kuzimia kwa sindano usiliache. Jibu lake liwe mdomoni: chomoa sindano zote, mlaze chali na miguu juu kidogo, legeza nguo, mpe maji ya uvuguvugu au yenye sukari akizinduka, na asipozinduka mtendee kama dharura yoyote ya hospitali.

Kuumika, au kupiga chuku kama tunavyosema kwetu, nako kumo. Wengi wenu mmeona hijama mtaani na mnadhani mnaijua. Mtihani unataka mwali uwake ndani ya kikombe na utoke haraka, mdomo wa kikombe usipate moto, na wakati wa kukitoa ubonyeze ngozi pembeni ili hewa iingie, bila kukivuta.

Sasa kesi. Unapewa maelezo ya mgonjwa, na unatakiwa uandike jina la ugonjwa, aina yake, sababu ulizoziona, kanuni ya tiba, fomula, na dawa zake na vipimo vyake. Jizoeze kwa watu unaowajua. Mfano ninaoupenda: dereva wa bodaboda anatoka Ihumwa alfajiri ya mwezi wa saba, ule upepo wa Dodoma unaopenya koti. Mchana anahisi baridi, mwili unauma, homa kidogo, mapigo yanasikika juu juu ukigusa kidogo tu. Hadi hapo umeshaona kwamba baridi imemwingia na bado iko nje. Watahiniwa wengi hukimbilia kuandika fomula, na swali moja bado halijaulizwa: jasho linatoka?

Kama hatoki jasho na mapigo yamekaza, unakwenda Mahuang Tang: mahuang, guizhi, xingren na gancao. Kama anatoka jasho na mapigo yamelegea, ni Guizhi Tang: guizhi, baishao, tangawizi mbichi, tende za Kichina na gancao. Mtu aliyekwisha kutoka jasho ukimpa mahuang unamkausha. Na mahuang ina efedrini, hupandisha mapigo na presha; Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye mmea huo mwaka 2004. Neno moja kwenye maelezo, "jasho", linabeba alama zako zote na linaweza kubeba maisha ya mtu. Soma kesi mara ya kwanza bila kushika kalamu. Mara ya pili pigia mstari jasho, kiu, choo, usingizi, ulimi na mapigo.

Mapigo fanyia mazoezi kila siku. Vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono, sehemu tatu: cun (hapa ni jina la sehemu, si kile kipimo), guan, chi. Mwaka wa kwanza hutasikia kitu. Endelea, mpigo mmoja baada ya mwingine, kwa watu wazima na wagonjwa, na uandike ulichohisi kabla hujamuuliza mtu shida yake.

Hatua ya sita: mtihani wa kuandika

Alama ni 600 na kufaulu ni 360. Kwa ngazi ya daktari msaidizi ni 300 kwa 180. Maswali yote ni ya kuchagua. Wageni hushangaa kukuta sehemu kubwa si ya mitishamba wala sindano: kuna magonjwa ya ndani kwa tiba ya kisasa, magonjwa ya kuambukiza, maadili, na sheria za afya za China. Sheria na maadili ni alama za bei rahisi, zisome mwezi wa mwisho. Tiba ya kisasa isome mapema pamoja na ya Kichina, ugonjwa kwa ugonjwa, ili pumu iwe pumu moja kichwani mwako yenye majina mawili.

Dawa zina tabia zake, nazo hushikika vizuri zikiunganishwa na vitu vya nyumbani. Nenda soko la Majengo ununue tangawizi mbichi na tangawizi kavu. Kwetu ni kitu kimoja. Kwenye mtihani ni dawa mbili: mbichi inatoa baridi iliyoko nje, kavu inapasha joto ndani ya tumbo. Mdalasini nao umegawanyika, tawi lake ni guizhi na gome lake ni rougui. Ganda la chenza lililokaushwa ni chenpi. Qinghao utaikumbuka bila shida, ni ile inayotuliza homa za malaria. Kutoka humo mtafiti wa China Tu Youyou na wenzake walipata atemisinini, akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015, na dawa mseto tunayopewa kwenye zahanati zetu ina asili hiyo. Ukiionja na kuinusa dawa huwezi kuisahau kama uliyoisoma tu.

Kisha kariri miiko ya kuchanganya dawa, ile inayoitwa "kumi na nane zinazopingana". Gancao, kwa mfano, haikai na gansui, daji, yuanhua wala haizao. Waalimu wa China wameifanya shairi. Iimbe hivyo hivyo kwa Kichina, ukiitafsiri unaipoteza. Fanya mitihani iliyopita kwa saa, karatasi nzima bila kunyanyuka. Maswali uliyokosa yaandike kwa mkono kwenye daftari na uyarudie Jumamosi. Kubukua wiki mbili za mwisho hakutoshi kwa mtihani wa ukubwa huu. Anza miezi kumi kabla.

Usipofaulu wa kuandika huku wa vitendo umepita, matokeo ya vitendo yanaweza kukuvusha mwaka unaofuata bila kuurudia. Hakikisha unatunza ushahidi wake.

Hatua ya saba: kurudi nyumbani

Shahada ya nje peleka ikatambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu, pamoja na nakala za matokeo ya kila mwaka, na tafsiri rasmi pale penye Kichina. Usajili kwenye Baraza uanze kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri yako, ukiwa na utambulisho wa serikali ya mtaa. Kama una cheti cha sifa kutoka China kiambatishe. Kinaonyesha umepimwa na dola, na kinalitofautisha faili lako na la mtu aliyehudhuria semina ya wiki tatu.

Dawa usije nazo kwenye sanduku la nguo. Kila unayotaka kuitoa kwa mgonjwa inapaswa kupimwa usalama wake na kusajiliwa, na kipimo hicho ni cha Mkemia Mkuu wa Serikali. Mwanzo mzuri ni sindano, kuumika na ushauri, wakati faili za dawa zinashughulikiwa. Na kwenye kibao cha mlangoni andika fani yako ilivyo, "mtaalamu wa tiba ya Kichina". Mgonjwa wa sukari au wa presha akifika, asiache vidonge vyake vya hospitali kwa neno lako; mwandikie barua kwa daktari wake, naye ataanza kukuletea wagonjwa wa mgongo.

Yule mama wa Kizota alirudi baada ya wiki moja. Binti ameahirisha safari mwaka mmoja, anasoma Kichina asubuhi, na jioni mama yake hukaa mkekani miguu imenyooshwa ili apimwe cun.